Chicago: Mahabusu wapungua gerezani, usimamizi wa walio nyumbani wabaki kitendawili

Tarehe 1 Aprili 2025, ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Cook, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, iliacha kupokea washtakiwa wapya katika mpango wake wa kuwafuatilia watu kwa vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa mguuni. Mpango huo ulikuwa umedumu tangu mwaka 1989. Kuanzia siku hiyo, kila mshtakiwa anayeamriwa na jaji kusubiri kesi yake nyumbani huku akifuatiliwa kwa kifaa hicho huwa chini ya ofisi ya jaji mkuu wa mahakama za kaunti. Kwa mtu wa mbali, hayo yalionekana kuwa mabadiliko ya kawaida ya kiofisi, mafaili kuhama kutoka jengo moja kwenda jingine. Kwa wakazi wa Chicago, yaliibua upya swali ambalo kaunti hiyo imekuwa ikilizunguka kwa nusu karne: ni nani anayewajibika kwa mtu ambaye dola imemnyima uhuru kabla ya kumtia hatiani?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kutenganisha aina mbili za vifungo nchini Marekani. Magereza ya jimbo na yale ya serikali kuu ya shirikisho ni ya wafungwa, yaani waliokwisha kuhukumiwa, na hasa wale wenye vifungo virefu. Gereza la kaunti ni jambo jingine. Humo hukaa zaidi mahabusu: watu waliokamatwa, wakafikishwa mahakamani, na ambao mashtaka yao bado hayajaamuliwa. Wapo pia wachache wanaotumikia vifungo vifupi, lakini katika Kaunti ya Cook walio wengi kabisa ni watu ambao sheria bado inawahesabu kuwa hawana hatia. Kila kinachotendeka ndani ya kuta hizo, iwe kukosa dawa, kupigwa au kufa, kinampata mtu ambaye huenda mwishoni mahakama ikamwachilia huru.

Kaunti ya Cook ni ya pili kwa wingi wa watu nchini Marekani baada ya Los Angeles. Ina zaidi ya watu milioni 5, na mji wa Chicago umo ndani yake. Gereza lake liko upande wa kusini-magharibi mwa mji, penye makutano ya mtaa wa 26 na barabara ya California, katika eneo la takribani hekta 39 linalopakana na jengo la mahakama ya jinai. Sehemu yake ya zamani ilijengwa mwaka 1929. Mwaka 1969 gereza hilo na lile la mji viliunganishwa kuwa idara moja, na tangu hapo limehesabiwa miongoni mwa magereza makubwa zaidi nchini humo yaliyo katika eneo moja. Kuna nyakati lilipokea zaidi ya watu 10,000 kwa wakati mmoja.

Anayeliendesha ni sherifu, afisa wa usalama anayechaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4. Tom Dart ameshika nafasi hiyo tangu mwaka 2006. Hata hivyo, sherifu hana mamlaka ya kuamua nani aingie gerezani wala nani atoke. Hilo ni la majaji. Majaji nao wana mkuu wao, anayechaguliwa na majaji wenzake na si na sherifu wala wananchi moja kwa moja. Mashtaka huandaliwa na mwendesha mashtaka, ambaye naye huchaguliwa na wananchi. Fedha za shughuli zote hizo hupitishwa na baraza la makamishna 17, chini ya rais wa kaunti, Toni Preckwinkle, aliye madarakani tangu mwaka 2010. Hata daktari anayemtibu mahabusu si mtumishi wa sherifu. Zahanati ya gereza iko chini ya mamlaka ya afya ya kaunti. Mpangilio huo ulikusudiwa kuzuia mtu mmoja asiwe na nguvu kupita kiasi. Ila una athari yake: linapotokea la kutokea, kila ofisi huwa na ofisi nyingine ya kuinyooshea kidole.

Mwaka 1974, mahabusu wa gereza hilo walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho wakilalamikia msongamano na hali mbaya ya maisha. Miaka 8 baadaye, mwaka 1982, pande zote zilikubaliana mbele ya mahakama juu ya masharti ambayo kaunti ilipaswa kuyatimiza. Sharti mojawapo lilikuwa jepesi kutamkwa na gumu kutekelezwa: kila mahabusu awe na kitanda chake. Asasi ya kiraia yenye uzoefu wa kukagua magereza, John Howard Association, ilipewa kazi ya kufuatilia utekelezaji na kuripoti kwa mahakama. Usimamizi huo wa mahakama ulidumu kwa takribani miongo mitatu.

Katika kipindi hicho idadi ya waliokamatwa iliongezeka kwa kasi kuliko vitanda vilivyojengwa, na watu wakaendelea kulala sakafuni. Sherifu wa wakati huo, akiwa amebanwa na amri ya mahakama upande mmoja na wingi wa mahabusu upande wa pili, alianza kuwaachilia baadhi yao kwa ahadi tu ya kurudi mahakamani. Kisha, mwaka 1989, ukaja ufuatiliaji wa kielektroniki. Ni vyema kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa siku hizi kifaa cha mguuni huelezwa mara nyingi kama tunda la fikra mpya za haki jinai. Chicago ilikichukua kwa sababu vitanda viliisha. Kilikuwa mlango wa dharura ulioachwa wazi, na hatimaye ukageuka kuwa njia ya kawaida.

Mwaka 2008 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti nzito baada ya uchunguzi wake ndani ya gereza hilo. Ilieleza kuwa mahabusu hawakulindwa dhidi ya ukatili wa wenzao, kwamba askari walitumia nguvu kupita kiasi, na kwamba huduma za afya na afya ya akili zilikuwa chini ya kiwango kinachodaiwa na Katiba. Mwaka 2010 kaunti ilikubali mbele ya mahakama kuajiri mamia ya askari zaidi na kuwapokea wataalamu huru wa kukagua tiba, afya ya akili na ulinzi. Wataalamu hao waliingia, wakazungumza na mahabusu, wakapekua kumbukumbu za tiba, na wakaandika walichokiona. Usimamizi huo ulihitimishwa mwaka 2017, baada ya mahakama kuridhika kuwa mambo yamebadilika.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya karatasi tu. Dart amesema mara nyingi kuwa takribani theluthi moja ya watu walio mikononi mwake wana maradhi ya akili, na kwamba gereza limegeuzwa hospitali ya wagonjwa hao kwa sababu hospitali zao zilifungwa. Mwaka 2015 alimteua mwanasaikolojia, Nneka Jones Tapia, kuwa mkuu wa gereza, nafasi ambayo kwa desturi hupewa mtu aliyepanda ngazi za uaskari. Uteuzi huo ulikuwa kukiri wazi kwamba sehemu kubwa ya kazi ya gereza hilo ni ya tiba kuliko ulinzi, na Chicago ilistahili sifa kwa kukiri kile ambacho miji mingine ilikuwa ikikificha.

Lakini kilichopunguza idadi ya watu gerezani kwa kiwango kikubwa kilitoka nje ya kuta zake. Kwa miaka mingi, jaji alipompa mshtakiwa dhamana alitaja kiasi cha fedha, na mshtakiwa alitakiwa kulipa asilimia 10 ya kiasi hicho ili atoke. Mwenye fedha alikwenda kwake jioni ile ile hata kama alishtakiwa kwa kosa kubwa. Asiyekuwa nazo alibaki ndani kwa miezi kwa kosa dogo, akapoteza kazi, nyumba, na pengine watoto wake. Mwaka 2017 jaji mkuu wa wakati huo, Timothy Evans, aliwaagiza majaji wasitaje kiasi ambacho mshtakiwa hana uwezo wa kukilipa. Idadi ya mahabusu ilishuka kutoka zaidi ya 7,000 hadi karibu 6,000 katika muda wa miezi michache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago waliochunguza agizo hilo hawakukuta ongezeko la maana la makosa mapya kutoka kwa walioachiliwa. Wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Utah, kwa upande wao, walizipinga hesabu zilizotolewa na ofisi ya jaji mkuu, na mjadala huo haujazimika hadi leo.

Kisha likaja janga la Uviko-19. Mnamo Aprili 2020 gereza la Kaunti ya Cook lilitajwa kuwa miongoni mwa vitovu vikubwa vya maambukizi vilivyojulikana nchini Marekani. Jaji wa shirikisho aliamuru hatua za dharura zichukuliwe, sabuni zigawiwe, na watu watenganishwe. Idadi ya mahabusu ikashuka hadi karibu 4,000, huku idadi ya wanaofuatiliwa majumbani ikipanda hadi zaidi ya 3,000. Baadhi ya majengo ya zamani ya gereza yalikuwa yamekwisha kufungwa na mengine kubomolewa. Kwa mara ya kwanza watu waliokuwa chini ya mkono wa sherifu wakiwa nje ya gereza walikaribia kulingana na waliokuwa ndani.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kihistoria. Sheria iliyotiwa saini na Gavana J.B. Pritzker mnamo Februari 2021 iliifuta kabisa dhamana ya fedha. Ilipingwa mahakamani na baadhi ya masherifu na waendesha mashtaka wa kaunti nyingine, ikasimamishwa siku ya mwisho ya mwaka 2022, kisha Mahakama ya Juu ya Illinois ikaithibitisha mnamo Julai 2023. Ilipoanza kutumika tarehe 18 Septemba 2023, Illinois ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuachana kabisa na dhamana ya aina hiyo. Tangu hapo jaji ana njia mbili za msingi: amweke mshtakiwa ndani baada ya kusikiliza hoja kuwa ni hatari au atatoroka, au amwachilie kwa masharti. Miongoni mwa masharti hayo, kifaa cha mguuni ndicho kilicho karibu zaidi na kifungo.

Kwa anayekivaa, maisha si rahisi kama wengi wanavyodhani. Hawezi kutoka nje ya mlango bila idhini. Akiishi kwa ndugu, nyumba ya ndugu huyo nayo huwa chini ya masharti ya mahakama. Zamani hata kwenda dukani kununua chakula kulihitaji ruhusa iliyoombwa mapema. Ndiyo sababu sheria hiyo mpya iliweka kanuni kwamba kila anayefuatiliwa apewe walau siku 2 kwa juma za kushughulikia mahitaji yake ya lazima. Pia ilielekeza kwamba mtu asishtakiwe kwa utoro hadi awe amepotea kwa saa 48. Wanaharakati wa haki waliyapokea hayo kama ushindi mdogo. Sherifu aliyaona kwa jicho jingine. Alilalamika kwamba mpango uliobuniwa kwa ajili ya washtakiwa wa makosa yasiyo na ukatili sasa ulikuwa umejaa watu wanaoshtakiwa kwa silaha na hata kwa mauaji, na kwamba askari wake hawangeweza kujua kila mmoja wao alikuwa wapi katika siku zile 2. Malalamiko hayo ndiyo yaliyotangulia uamuzi wa Aprili 2025.

Gereza, pamoja na ubaya wake wote, ni mahali panapokaguliwa. Jimbo la Illinois lina kitengo cha kukagua magereza ya kaunti kila mwaka kwa viwango vilivyoandikwa. Sheria ya shirikisho inataka vifo vinavyotokea vizuizini viripotiwe. Wanasheria huingia, wanahabari huuliza, asasi hutembelea, na ushahidi wa kesi ya 1974 na wa ripoti ya 2008 ulipatikana kwa sababu mkaguzi aliweza kuingia na kuhesabu waliolala sakafuni. Mshtakiwa anapohamishiwa nyumbani, ukaguzi huo haumfuati. Hakuna mkaguzi wa jimbo anayepita mtaa kwa mtaa kuuliza iwapo chaji ya kifaa inadumu, iwapo tahadhari iliyotolewa usiku wa manane ilikuwa ya kweli au ni hitilafu ya mtandao, au iwapo mama mwenye kifaa aliruhusiwa kumpeleka mwanawe hospitali. Msongamano gerezani ni rahisi kuonwa. Msongamano wa mafaili kwenye meza ya afisa mmoja wa uangalizi hauonekani mpaka jambo liharibike.

Na jambo liliharibika. Novemba 2025, mwanamke mmoja alimwagiwa kimiminika na kuchomwa moto ndani ya treni ya abiria mjini Chicago, akajeruhiwa vibaya. Mtu anayeshtakiwa kwa shambulio hilo alikuwa amekamatwa mara nyingi kabla, na wakati huo alikuwa nje akisubiri kesi nyingine chini ya ufuatiliaji wa kielektroniki, baada ya jaji kukataa ombi la waendesha mashtaka la kumweka ndani. Swali lililoulizwa mara moja halikuwa juu ya dhamana pekee. Liliulizwa pia ni nani aliyekuwa akitazama kifaa kile, tahadhari zake zilifika kwa nani, na huyo alikuwa na uwezo gani wa kuchukua hatua. Wakati kazi ilikuwa ya sherifu, nyuma ya kifaa kulikuwa na askari wenye gari na mamlaka ya kukamata. Ofisi ya jaji mkuu ni ya mahakama. Watumishi wake ni maafisa wa uangalizi, waliozoea kuandika taarifa kwa jaji zaidi ya kugonga milango.

Shambulio hilo lilitokea katika mazingira yaliyokwisha kuchemka. Agosti mwaka huo huo, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutafuta namna ya kuzinyima fedha za shirikisho sehemu zilizofuta dhamana ya fedha. Illinois, na Chicago hasa, ilikuwa mfano uliotajwa tena na tena. Ikumbukwe hata hivyo kwamba chini ya sheria ya sasa jaji anaweza kumweka ndani mshtakiwa hatari bila kumpa nafasi yoyote ya kulipa, wakati chini ya mfumo wa zamani mtu huyo huyo angeweza kutoka mradi ana fedha. Wanaotaka dhamana ya fedha irudishwe hawajaeleza ni vipi pochi ya mshtakiwa ingemzuia kushambulia watu. Wanaoitetea sheria mpya, kwa upande wao, wamekuwa wepesi mno kuhesabu vitanda vilivyobaki vitupu na wazito kueleza nani anawasimamia waliohama vitanda hivyo.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, suala hilo si la mbali kama ramani inavyoonyesha. Familia nyingi kutoka Kongo na nchi za Maziwa Makuu zina jamaa waliopata makazi katika miji ya Marekani, na kwa baadhi ya waomba hifadhi kifaa cha mguuni ni kitu wanachokijua kwa kukivaa, kwa kuwa idara ya uhamiaji hukitumia pia kama mbadala wa kizuizi. Huko kazi ya kuwafuatilia imepewa kampuni binafsi, tanzu ya kampuni kubwa inayoendesha vizuizi hivyo hivyo vya uhamiaji. Kaunti ya Cook, kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2011, haimshikilii mtu kwa ombi tupu la idara hiyo, lakini aliyekamatwa alama zake za vidole husafiri haraka kuliko yeye.

Katika Afrika Mashariki na Kati pia, adhabu mbadala zimo katika vitabu vya sheria kwa muda mrefu. Kenya ilipitisha sheria ya huduma kwa jamii mwaka 1998, Uganda mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002. Rwanda, ambayo baada ya mashauri ya gacaca iliwapeleka maelfu ya waliohukumiwa kufanya kazi za manufaa kwa jamii, iliruhusu ufuatiliaji wa kielektroniki katika sheria yake ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2019. Sheria hizo tatu za mwanzo, hata hivyo, zinamhusu aliyekwisha kuhukumiwa, ilhali mzigo mkubwa uko kwa mahabusu. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500, limekuwa likiwahifadhi mara nyingi ya idadi hiyo, na wengi wao hawajahukumiwa. Katika jaribio la kutoroka la Septemba 2024 watu wasiopungua 129 walikufa humo, kwa mujibu wa serikali, baadhi kwa risasi na wengine kwa kukanyagana. Kwa serikali zenye magereza ya namna hiyo, kifaa cha mguuni kitakuwa na mvuto uleule kilichokuwa nao Chicago mwaka 1989.

Mjini Chicago kwenyewe, kazi imeangukia mtu mpya. Evans, aliyekuwa jaji mkuu kwa zaidi ya miaka 20, alishindwa katika uchaguzi wa majaji wenzake mwaka 2025, na Charles Beach akachukua nafasi yake Desemba. Amerithi mpango ambao hakuubuni, maafisa ambao hawakuajiriwa kwa kazi ya aina hiyo, na baraza la makamishna linalopaswa kumpa fedha za kazi ambayo kwa miaka 36 ilibebwa na bajeti ya ofisi nyingine. Gereza lina viwango vya jimbo vinavyosema kila seli iwe na ukubwa gani. Ni mafaili mangapi afisa mmoja wa uangalizi anaweza kuyabeba, na tahadhari ya usiku ijibiwe ndani ya muda gani, ni mambo ambayo Beach na makamishna watalazimika kuyaamua kwa pamoja, na kuyaweka mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma.